Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja aliyeliliwa na dunia

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Jumapili, Novemba 24, 1991, mwanamuziki Freddie Mercury, mwimbaji kiongozi wa kundi la Queen la Uingereza, alifariki dunia nyumbani kwake Kensington, jijini London, akiwa na umri wa miaka 45.

Kilichomuua ni homa ya mapafu iliyotokana na Ukimwi. Mashabiki wake waliotapakaa katika kila bara walikuwa wamepewa takriban saa 24 tu za kujiandaa kwa msiba huo, kwani ni usiku uliotangulia ndipo ilipotolewa taarifa fupi kwa vyombo vya habari ikithibitisha kwamba anaugua maradhi hayo.

Kabla usiku haujakucha, watu walikwisha kuanza kukusanyika nje ya ukuta wa nyumba yake iitwayo Garden Lodge. Wapo waliofika na maua, wapo waliofika na mishumaa na picha, na wapo waliofika mikono mitupu wakabaki wamesimama kwenye baridi ya Novemba wakiutazama mlango uliofungwa.

Wachache miongoni mwa waombolezaji hao walifahamu kwamba mtu waliyekuwa wakimlilia hakuzaliwa Uingereza, wala jina walilomwitia si alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtoto wa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Farrokh wa Mji Mkongwe

Freddie Mercury alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi Bulsara, na mama yake, Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na wafuasi wa dini ya Zoroasta, mojawapo ya dini kongwe duniani.

Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Sultani Khalifa bin Haroub ndiye aliyekalia kiti cha enzi. Mzee Bulsara alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu, kazi iliyoiwezesha familia yake kuishi maisha ya nafasi, ikiwa na watumishi wa nyumbani. Mwaka 1952 familia hiyo ilipata mtoto wa pili, Kashmira.

Farrokh hakukaa sana na wazazi wake. Akiwa na umri wa miaka minane alipandishwa meli na kupelekwa India, katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani, kwenye milima iliyo kusini-mashariki mwa jiji la Bombay, ambalo leo linaitwa Mumbai.

Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikojifunza kupiga piano. Akiwa na umri wa miaka 12 aliunda na wanafunzi wenzake kundi lililoitwa The Hectics, wakawa wanapiga nyimbo za kizungu zilizokuwa zikivuma redioni.

Wenzake walimtania pia kwa meno yake yaliyochomoza. Alizaliwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele. Hata alipopata fedha za kutosha kumlipa daktari yeyote, alikataa kuyang'oa kwa kuchelea kwamba sauti yake ingebadilika. Picha nyingi humwonyesha akiyafunika kwa mdomo au kwa mkono anapocheka.

Alirejea Unguja mwaka 1963, kijana wa miaka 16. Haukupita muda mrefu kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliyoung'oa utawala wa Sultani. Familia ya Bulsara, kama familia nyingine nyingi zenye asili ya Asia, iliondoka visiwani na kuhamia Uingereza, ikapata makazi Feltham, magharibi mwa London, si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Kubeba mizigo, kuuza nguo

Maisha mapya hayakuwa na watumishi. Kijana Farrokh alisoma Isleworth, kisha akajiunga na Chuo cha Sanaa cha Ealing alikohitimu mwaka 1969 katika fani ya uchoraji na usanifu wa picha. Ili kupata fedha za kujikimu, aliwahi kufanya kazi ya kubeba mizigo Heathrow, na baadaye aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake, mpiga dramu Roger Taylor.

Aliimba katika makundi madogo ambayo hayakudumu. Jicho lake lilikuwa kwa kundi la Smile, alimokuwa Taylor pamoja na mpiga gitaa Brian May, wakati huo mwanafunzi wa fizikia. Mwimbaji wa kundi hilo alipojitoa mwaka 1970, Farrokh alichukua nafasi yake.

Yeye ndiye aliyependekeza jina la Queen, yaani Malkia, na ndiye aliyeichora nembo ya kundi akitumia alama za nyota za kuzaliwa za wanakundi wote wanne. Wa nne alikuwa John Deacon, mpiga gitaa la besi, aliyejiunga mwaka 1971. Katika kipindi hichohicho Farrokh Bulsara aliliweka kando jina la ukoo, akajiita Freddie Mercury.

Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973 bila kishindo kikubwa. Mwaka uliofuata wimbo Killer Queen, uliotungwa na Mercury, uliwafungulia milango Uingereza na Marekani.

Wimbo uliokataliwa

Kilichomweka Mercury katika historia ni kazi ya mwaka 1975. Katika albamu ya A Night at the Opera, alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, unaoanza kwa sauti za upole, ukageuka opera, ukapanda hadi ngurumo za roki, kisha ukazima taratibu kama ulivyoanza. Sehemu ya opera ilirekodiwa kwa kurudia sauti za watu watatu mara nyingi hadi zikasikika kama kwaya nzima.

Wakubwa wa kampuni ya kurekodi waliona kuwa wimbo huo ni mrefu mno na hautapigwa redioni. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London aliupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki, na wasikilizaji wakaanza kuuulizia madukani kabla haujatolewa. Ulipotoka, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa mfululizo.

Msikilizaji wa Zanzibar anayeusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza hushtuka anapolisikia, katikati ya vurugu za opera, neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa visiwani hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni. Mercury hakupenda kueleza maana ya tungo zake, na hakueleza ya huo.

Kazi nyingine kubwa zilifuata. We Are the Champions, wa mwaka 1977, umekuwa wimbo wa kufungia fainali za mpira katika viwanja vya mataifa mengi, ukiimbwa hata na watu wasiojua umetungwa na nani. Mwaka 1980 kundi hilo lilishika namba moja Marekani mara mbili, kwa Crazy Little Thing Called Love na Another One Bites the Dust. Mwaka 1981 Queen walijaza uwanja wa Morumbi mjini São Paulo, Brazil, kwa zaidi ya watu 130,000 katika usiku mmoja.

Mfalme wa jukwaa

Nje ya jukwaa Mercury alikuwa mtu wa haya, asiyependa mahojiano na waandishi wa habari. Jukwaani aligeuka mtu mwingine. Alishika kipande cha juu tu cha kiguzo cha kipaza sauti, mtindo ulioanza kwa ajali pale kiguzo kilipovunjika katikati ya onyesho siku za mwanzo, naye akaendelea nacho hivyo hivyo.

Njia yake haikukosa doa. Oktoba 1984, wakati wasanii wengi walikuwa wameisusia Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Queen walikwenda kupiga Sun City, katika eneo la Bophuthatswana. Kundi lilijitetea kwamba halifuati siasa na linampigia yeyote anayetaka kusikiliza, lakini chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya wasanii waliovunja mgomo huo. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, lawama hiyo ilikuwa nzito.

Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, alipanda jukwaa la uwanja wa Wembley katika tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia. Mbele yake walikuwepo watu 72,000, na waliofuatilia kwa televisheni walikadiriwa kuzidi bilioni moja.

Queen walipewa muda wa dakika 20 hivi. Katika muda huo Mercury aliwaimbisha mashabiki kwa kuwatupia mlio wa sauti tu usio na maneno, nao wakaurudisha kama darasa moja, akaupandisha, wakaupandisha. Wanamuziki wengi waliokuwepo siku ile walikiri baadaye kwamba amewafunika wote.

Onyesho lake la mwisho akiwa na Queen lilifanyika Agosti 9, 1986 huko Knebworth, Uingereza, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 120,000. Hakuna aliyejua kuwa hayatakuwapo mengine.

Siri nyuma ya ukuta

Mwaka 1987 Mercury aliambiwa na madaktari kwamba ana Ukimwi. Wakati huo maradhi hayo yalikuwa hukumu ya kifo, na kwa watu wengi yalikuwa pia hukumu ya tabia. Mercury alikuwa amewahi kuishi na mchumba wake, Mary Austin, aliyebaki rafiki yake wa karibu hadi mwisho, na baadaye alikuwa na uhusiano na wanaume. Mwandani wake wa miaka ya mwisho alikuwa Jim Hutton, ambaye alimuuguza hadi alipokata roho.

Magazeti ya udaku ya London yalimwinda. Wapiga picha waliweka kambi nje ya nyumba yake, na kila alipoonekana amekonda habari ilipamba ukurasa wa mbele. Yeye na wenzake walikanusha. Februari 1990 alionekana hadharani kwa mara ya mwisho katika tuzo za muziki za Uingereza, akiwa amedhoofika, akatamka maneno machache ya shukrani na kuondoka.

Aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona akiwa na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé. Mwaka 1989 Queen walitoa The Miracle, na Februari 1991 wakatoa Innuendo. Mei mwaka huo, akiwa hawezi tena kusimama kwa muda mrefu, alirekodi sauti zake za mwisho katika studio ya kundi hilo mjini Montreux, Uswisi. Aliwataka wenzake wampe chochote cha kuimba, wakamalizie wenyewe baadaye. Walifanya hivyo, na albamu ya Made in Heaven ikatoka mwaka 1995.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mercury alikitangulia kifo kwa siku moja. Katika taarifa ya Novemba 23, 1991 alieleza kwamba alinyamaza ili kuwalinda watu wake wa karibu, na akaomba watu wote waungane na madaktari katika kupambana na maradhi hayo.

Wapo waliomlaumu kwamba alichelewa mno, kwamba sauti kubwa kama yake ingewasaidia wagonjwa wengi kama ingesikika mapema. Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wa aina hiyo: mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya, aliyetangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana Ukimwi, akazunguka nchini mwake kuwaelimisha watu hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Mercury hakuwa na ujasiri wa aina hiyo, au hakuona kwamba anadaiwa na umma kitu zaidi ya nyimbo.

Kilio cha mashabiki

Taarifa hizo mbili, ya ugonjwa na ya kifo, zilifuatana kiasi kwamba wengi walizipata kwa pamoja asubuhi ya Jumatatu. Redio zilivunja ratiba na kupiga nyimbo za Queen mfululizo. Nje ya Garden Lodge maua yalitandazwa hadi yakaifunika njia ya waendao kwa miguu.

Mazishi yalifanyika Novemba 27, 1991 huko Kensal Green, magharibi mwa London, yakiongozwa na makasisi wa dini ya Zoroasta, imani ya wazazi wake. Waliohudhuria walikuwa watu wachache wa karibu, miongoni mwao wanakundi wa Queen na Elton John. Sauti ya Caballé ilisikika katika ibada hiyo kutoka kwenye kanda. Mwili ulichomwa moto.

Majivu alikabidhiwa Mary Austin, ambaye kwa mujibu wa wosia aliyahifadhi mahali ambapo hapakutajwa. Hapo ndipo ulipoanza msiba wa pili wa mashabiki: walikuwa na marehemu wasiye na kaburi lake la kuzuru.

Ukuta wa Garden Lodge ukawa kaburi hilo. Kwa zaidi ya miaka 25, watu kutoka Japani, Brazil, Italia na kwingineko waliandika ujumbe juu ya mlango na matofali yake, au wakabandika barua, hadi maandishi hayo yalipoondolewa mwaka 2017. Mwaka 2013 kibao kidogo chenye jina la Farrokh Bulsara kilionekana makaburini Kensal Green, mashabiki wakamiminika, na muda mfupi baadaye kibao kikaondolewa.

Wimbo Bohemian Rhapsody ulitolewa upya Desemba 1991, ukashika tena namba moja Uingereza kwa wiki tano, na mapato yake, zaidi ya pauni milioni moja, yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, taasisi inayohudumia wagonjwa wa Ukimwi.

Aprili 20, 1992, Wembley ilijaa tena watu 72,000 katika tamasha la kumuenzi. Tiketi zilikwisha ndani ya saa chache, hata kabla ya wasanii kutajwa. Walipanda jukwaani George Michael, David Bowie, Elton John, Liza Minnelli na wengineo, na mwigizaji Elizabeth Taylor akawahutubia vijana juu ya kujikinga. Kutokana na tamasha hilo ilianzishwa taasisi ya Mercury Phoenix Trust, ambayo imefadhili miradi ya kupambana na Ukimwi katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika.

Dawa za mseto zilizobadilisha Ukimwi kutoka hukumu ya kifo na kuwa maradhi ya kuishi nayo zilianza kutumika mwaka 1996. Mercury alikuwa amekwisha kufa kwa miaka mitano.

Nyumbani walinyamaza

Mwaka huohuo wa 1996 sanamu yake ya shaba ilizinduliwa Montreux, kando ya ziwa Geneva, baada ya mahali pa kuisimamisha kukosekana London. Kila Septemba mashabiki hukusanyika hapo kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa.

Zanzibar ilichukua muda mrefu zaidi. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zilitajwa kuwa ndiyo aliyokulia, watalii wakapigwa picha milangoni, na mgahawa wa pwani ukapewa jina lake. Lakini mwaka 2006, sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kupingwa na kikundi cha Kiislamu cha Uamsho, kilichosema kuwa maisha ya mwanamuziki huyo yanakwenda kinyume na maadili ya visiwa hivyo.

Mercury mwenyewe hakuzungumzia sana asili yake, na baada ya mwaka 1964 hakurejea kuishi Unguja. Hivyo kila upande uliweza kumkana mwenzake: mji haukumtaja, naye hakuutaja mji.

Hata hivyo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Novemba 24, 2019, miaka 28 kamili baada ya kifo chake, jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa Shangani, likiwa na picha za familia na kumbukumbu za utoto wake. Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, iliyompatia Rami Malek tuzo ya Oscar kwa kuigiza kama Mercury, ilikuwa imezua kizazi kipya cha mashabiki ambao hawakuwa wamezaliwa siku alipokufa.

Mwaka 2023 vitu vya Garden Lodge vilipigwa mnada London, kuanzia piano aliyotungia nyimbo zake hadi vyombo vya jikoni, vikaingiza karibu pauni milioni 40. Zaidi ya watu 140,000 walipanga foleni kuvitazama kabla ya kuuzwa. Wengi hawakuwa na uwezo wa kununua hata kijiko. Walikuja kukaa kwa dakika chache karibu na vitu alivyovigusa, kwa kuwa kaburi halipo.